Mtu Haamki Peke Yake



Nimeombwa nizungumzie kuamka mapema. Mada hii sote tumeisikia tangu utotoni, na mara nyingi tuliisikia tukiwa tunakaripiwa: riziki inapita mlangoni, wewe umejifunika gubigubi. Sikuja kurudia makaripio hayo. Nimekuja kutetea jambo moja. Watu wengi wanaoshindwa kuamka alfajiri nia wanayo, tena wanayo kila usiku wanapopanda kitandani. Wasichonacho ni mtu wa kuona kwamba hawapo.

Nitawapeleka kwanza Ufaransa ya karne ya 18, kwa sababu huko kuna mtu aliyelielewa jambo hili kwa undani na akalilipia kwa fedha yake. Anaitwa Georges-Louis Leclerc, Comte de Buffon. Alizaliwa mwaka 1707 katika mji wa Montbard, akasimamia bustani ya mfalme mjini Paris kwa karibu miaka 50, na ndiye aliyeandika Histoire naturelle, kazi kubwa juu ya wanyama, ndege na madini iliyoanza kuchapwa mwaka 1749 na kufikia juzuu 36. Ukiziona juzuu hizo zimepangwa rafuni, utadhani mwandishi wake alizaliwa na usingizi mwepesi. Sivyo. Walioandika habari zake wanasimulia kwamba ujanani usingizi ulimshinda kabisa, na asubuhi zake zilikuwa zikipotea kitandani.

Alichofanya ni kumwita mtumishi wake, Joseph, na kufanya naye mapatano. Kila siku Joseph atakapofanikiwa kumtoa kitandani kabla ya saa kumi na mbili, atapata sarafu moja ya fedha. Asubuhi ya kwanza Joseph alikuja, akaambulia maneno makali, akaondoka. Mchana bwana yule yule akamgombeza kwa kumwacha alale. Siku nyingine Buffon alidai anaumwa. Nyingine alikasirika. Joseph akajifunza kwamba maneno ya mtu aliye usingizini si amri, na kwamba amri aliyopewa mchana ndiyo ya kweli. Akaanza kumvuta. Na ilipofika siku ambayo hata kuvuta hakukufaa, alimmwagia beseni la maji ya baridi kitandani. Alilipwa sarafu yake. Uzeeni, Buffon alikiri kwamba juzuu kadhaa za kitabu chake ni deni lake kwa Joseph.

Wasimulizi wengi hukitaja kisa hiki kwa ajili ya maji, watu wakacheka. Mimi nakipenda kwa ajili ya mapatano. Hebu tuyatazame kwa utulivu, maana yana hekima kuliko vitabu vingi vya kufundisha nidhamu.

Buffon alifanya mapatano yake mchana, akili yake ikiwa timamu. Alijua kwamba yule Buffon wa alfajiri ni mtu mwingine, mwenye hoja tamu na asiyeaminika. Mwanauchumi wa Marekani, Thomas Schelling, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005, aliandika sana juu ya mgogoro huu wa mtu na nafsi yake, na mfano mmoja alioupenda ni wa mtu anayeiweka saa ya kengele mbali na kitanda ili alazimike kuinuka kuizima. Wa usiku anapanga, wa alfajiri anapangua. Tatizo ni kwamba wa alfajiri ndiye mwenye mkono karibu na kengele. Simu unayoilaza chini ya mto ni mali yako, inakutii wewe, nawe ukiwa usingizini utaiamuru inyamaze nayo itanyamaza. Joseph hakuweza kuzimwa.

Tena tazameni fedha ilikwenda kwa nani. Buffon hakujitoza faini kwa kulala. Alimlipa mwamshaji kwa kushinda. Kwa hiyo Joseph akimhurumia, hasara ni ya Joseph. Huruma ya wanaotupenda ndiyo adui mkubwa wa alfajiri zetu: mke anachungulia, anaona mume amechoka, anarudisha mlango taratibu. Anafanya kwa mapenzi, na mtu anapoteza asubuhi nzima kwa sababu ya kupendwa.

Na kuna la tatu, ambalo kwetu sisi naliona zito kupita yote. Joseph alipewa ruhusa. Fikirini mtumishi wa zama zile kummwagia maji bwana mkubwa wa Kifaransa! Asingethubutu bila ya kuwa na ahadi mkononi. Sisi tumelelewa kwenye heshima ya umri. Mdogo hamwamshi mkubwa kwa kumtikisa. Atasimama mlangoni apige hodi kwa sauti ya chini, na akisikia mkoromo ataondoka zake. Mtoto anayejua fika kwamba baba yake anataka kuamka saa kumi na moja hawezi kumvuta shuka. Kwa hiyo baba asipotamka mwenyewe, mbele ya watu wa nyumba, kwamba fulani ana haki ya kunisimamisha hata nikifoka, mapatano hayapo. Heshima itamnyamazisha mwamshaji kabla usingizi haujamshinda mwamshwaji.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, aliifahamu siri hiyo hiyo. Mtumishi wake Martin Lampe, askari mstaafu, alikuwa na amri ya kuingia chumbani dakika chache kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kumtangazia kwamba wakati umefika, na asikubali kwa namna yoyote kumwacha aendelee kulala. Mtu aliyeandika sana juu ya uhuru wa nia ya binadamu hakuiachia nia yake peke yake kazi ya kuamka.

Lakini nawasikia mkisema, hao ni mabwana wenye watumishi. Sisi tunaoishi vyumba viwili Joseph tutampata wapi?

Swali hilo lilikwisha kujibiwa miaka 1,500 hivi iliyopita, Italia, na mtu masikini kwa hiari yake. Benedikto wa Nursia aliandika kanuni ya maisha ya watawa katika karne ya 6, na sura ya 22 ya kanuni hiyo inahusu kulala kwao. Ni sura fupi, na nawaomba vijana mnaokaa bweni muisikilize. Anataka taa iwake chumbani hadi asubuhi. Anataka watawa walale wamevaa, wakiwa tayari kusimama mara ishara itolewapo. Anakataza vitanda vya vijana kupangwa pamoja. Wachanganywe na wazee. Na wanapoamka kwenda kwenye sala, anawaagiza watiane moyo kwa upole, kwa sababu wenye usingizi hawakosi visingizio.

Kwa upole. Neno hilo limenifikirisha kwa muda mrefu. Benedikto alikuwa na uwezo wa kuweka adhabu, na katika sura nyingine aliweka. Katika sura hii alichagua mpangilio wa vitanda na sauti ya jirani. Alijua kwamba vijana watatu waliolala sambamba watalala usingizi mmoja, kila mmoja akimwangalia mwenzake hajaamka na kupata faraja. Mweke kijana kati ya wazee wawili wanaoinuka, naye atainuka, hata kama hakuna aliyemsemesha.

Na huku kwetu pwani hatukuhitaji kusoma kanuni ya Benedikto. Mwadhini wa alfajiri huongeza maneno yasiyokuwamo katika adhana nyingine za siku, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Watu wanayasikia maneno hayo wakiwa kitandani, na wako wanaogeuka upande wa pili. Kinachowatoa wengi, ukiacha imani yenyewe, ni safu. Sala ya jamaa ina mahali pa kusimama, na mtu anayesimama karibu na nguzo ile ile kila alfajiri akikosekana, pengo linaonekana. Hakuna anayemwandikia barua ya onyo. Mzee mmoja, akitoka msikitini, atapita kwake na kuuliza: jana na leo hatukukuona, kwema?

Katika swali hilo la mzee ndimo ilimo hoja yangu yote. Mzee hakudhania uvivu. Amedhania ugonjwa au msiba, akaja kujua hali. Mtu aliyeulizwa hivyo, kama kweli alikuwa amelala tu, atajisikia vibaya kuliko angepigwa faini, na kesho yake atakuwa kwenye nafasi yake. Kuwajibishana kunakodumu kuko namna hiyo: kunaanzia kwenye kujaliwa, na aibu inakuja yenyewe bila ya mtu kumrushia mwenzake.

Ramadhani ndiyo inayoonyesha wazi kwamba jambo hili linawezekana kwa mji mzima. Kwa mwezi mmoja watu ambao miezi mingine hawaamki kabla ya jua wanaamka saa kumi usiku kula daku. Katika miji yetu ya pwani, vijana hupita mitaani na ngoma, madebe na nyimbo kuamsha watu, nyumba kwa nyumba. Jirani anagonga ukuta. Shangazi anapiga simu kutoka mtaa wa pili. Mwezi unaisha, Idi inapita, na wiki inayofuata watu wale wale wanasema kuamka hawawezi. Miili yao haikubadilika ndani ya siku saba. Walichopoteza ni ngoma ile mlangoni na jirani anayegonga.

Viwanda vya Uingereza navyo viliwahi kuwa na watu wa kazi hii. Wafanyakazi wasiokuwa na saa walimlipa mwamshaji apite alfajiri akigonga madirisha kwa fimbo ndefu. Katika London ya mashariki, miaka ya 1930, alikuwako mwanamke aliyeitwa Mary Smith, akipuliza njegere kavu kwa mrija hadi zigonge kioo cha dirisha, kwa malipo ya peni sita kwa wiki. Saa za kengele ziliposhuka bei, kazi hiyo ikafa polepole. Watu walipata chombo cha bei nafuu na sahihi zaidi, wakampoteza mtu aliyesubiri chini ya dirisha.

Sasa nije kwenye kosa linalofanywa na wengi waliokwisha kukubali hoja hii. Wakiunda kikundi cha kuamshana, jambo la kwanza wanalolitunga ni faini. Atakayechelewa atoe elfu moja. Inaonekana ni busara. Lakini wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walitoa mwaka 2000 utafiti uliofanyika katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto wao, na walimu walilazimika kubaki. Katika vituo 6 ikaanzishwa faini ndogo. Wachelewaji wakaongezeka, hadi karibu mara mbili. Faini ilipofutwa baadaye, hawakupungua. Kabla ya faini, mzazi alikuwa akimwonea haya mwalimu anayesubiri. Baada ya faini, alikuwa akinunua muda wake.

Elfu moja ya kikundi chenu itafanya vile vile. Alfajiri ya mvua, mtu atapiga hesabu kitandani na kuona kwamba saa moja ya usingizi kwa shilingi elfu ni bei nzuri. Buffon alikuwa mwerevu zaidi: fedha yake haikununua usingizi, ilinunua ukaidi wa Joseph. Kama lazima fedha ihusike, mpeni mwamshaji.

Akina mama mnaocheza upatu mnanielewa upesi. Mwanamke asiyeweza kuweka akiba hata senti akiwa peke yake huleta mchango wake bila kukosa kwenye mchezo, kwa kuwa anajua zamu hii ni ya nani na huyo mwenye zamu anahitaji nini. Hatoi kwa kuogopa kanuni. Anatoa kwa kuwa kuna uso anaoufahamu unaomsubiri. Alfajiri nayo inataka zamu na uso.

Wajapani wana utaratibu wa mazoezi ya viungo yaliyoanza kutangazwa redioni mwaka 1928, na hadi leo hutangazwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakati wa likizo ya kiangazi watoto wa mtaa hukusanyika uwanjani wakiwa na kadi, na aliyefika hugongewa mhuri wa siku hiyo. Mhuri wenyewe hauna thamani sokoni. Thamani yake ni kwamba mtu mzima wa mtaa amekutazama usoni na kushuhudia kuwa umefika. Na juu kule Kaptagat, Kenya, Eliud Kipchoge, mtu wa kwanza kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili, alipojiandaa kwa siku ile ya Oktoba 2019 mjini Vienna, hakuwa akijifungia peke yake. Alikuwa kambini, akilala na kuamka na wenzake, akifanya zamu za usafi kama wao. Siku yenyewe wakimbiaji 41 walipokezana kumsindikiza. Muda wake, saa 1, dakika 59 na sekunde 40, unaandikwa kwa jina lake, na yeye mwenyewe amekuwa akisema wazi mara nyingi kwamba bila timu hakuna lolote.

Nina mambo mawili yanayonisumbua katika mada hii, na sitawatendea haki nikiyanyamazia.

La kwanza ni swali la nani anamwamsha mwamshaji. Katika nyumba nyingi zetu Joseph yupo tayari, hana sarafu, na anaitwa mama. Yeye ndiye wa kwanza kuinuka, anabandika chai, anamwamsha mume, anamwamsha wa sekondari, anamwamsha wa chekechea, na usiku ndiye wa mwisho kuzima taa. Mahali penye msichana wa kazi, basi ni huyo. Mume anayejisifu kwa marafiki kwamba yeye ni mtu wa alfajiri huenda hajawahi hata siku moja kuamka bila kuitwa. Mapatano ya kuamshana ambayo mmoja anaamsha na wengine wanaamshwa si mapatano. Ninyi akina baba, shikeni zamu. Wiki hii yeye, wiki ijayo wewe, na wa zamu ndiye anayebandika chai.

La pili ni watoto wetu. Madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2015 kwamba mtu mzima alale angalau saa 7, na mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Tena katika umri huo mwili wenyewe huchelewesha usingizi wa usiku, kijana hajifanyi. Nchini Kenya, kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri. Hata hivyo tunawaona watoto wadogo barabarani gizani wakisubiri basi la shule, na kwenye mabweni wanafunzi wakiamshwa saa kumi usiku kusoma huku wakisinzia juu ya daftari. Hilo silitetei. Kumwamsha mtoto aliyelala saa tano zilizopita ni kumwibia. Mapatano ya alfajiri yanaanzia kwenye saa ya kulala, na mwenzako ana haki ya kukuuliza jana ulizima taa saa ngapi kabla ya kukuuliza leo umeamka saa ngapi. Anayefanya kazi ya zamu ya usiku, mlinzi, muuguzi, dereva wa malori, huyu mwacheni alale mchana wake kwa amani.

Kwa aliye tayari, ushauri wangu ni mfupi. Tafuta mtu mmoja, msizidi wanne. Kundi la watu 50 kwenye simu halitambui mtu akikosekana. Unaweza kunyamaza mwezi mzima na asiwepo wa kuuliza. Chagua mtu asiyekuogopa. Msiandikiane ujumbe, kwa kuwa ujumbe huandikwa kitandani na mtu akarudi kulala. Pigeni simu mkiwa mmesimama, au bora zaidi mkutane mahali, kwenye kona, kibarazani, uwanjani. Na iwepo kazi inayowasubiri hapo mnapokutana: kusoma, kukimbia, kufungua genge. Aliyeamka bila kazi atarudi kitandani kabla ya jua kutoka.

Mkikosa siku moja msivunje kikundi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Kwa wastani wa kati, tendo lilianza kuja lenyewe baada ya siku 66, na tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo asiyekuja leo aulizwe kwa namna ya yule mzee wa msikitini, kisha kesho asubiriwe pale pale. Na msitarajie kwamba mazoea yakishakomaa mwenzio hana kazi tena. Watawa wa Benedikto bado wanaamshwa kwa kengele ya jumuiya hadi leo, wazee kwa vijana, na hakuna anayeona kuwa ni udhaifu.

Ndugu zangu, mmekuja hapa na jirani, rafiki, ndugu. Kabla hamjatoka ukumbini, mgeukie mmoja. Tajianeni saa, mahali na kazi. Mpe ruhusa ya kukusumbua, itamke kwa mdomo wako mbele ya mtu wa tatu. Kama saa yenu ni kumi na moja alfajiri, taa izimwe saa nne usiku, na ya vijana mapema zaidi, kuanzia leo.